Hali ya Kitabu: Kimekimbia

Ni mimi. Kila mliponiuliza kwa nini kompyuta ya kwanza ya maktaba yetu ya Baraka ilijaa vitabu ambavyo havikuwepo kwenye rafu, nilijibu kwamba mashine ilikuwa ngeni, umeme ulikuwa mbovu, na vidole vyangu vilikuwa havijazoea kibodi. Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja lililohusika. Niliviingiza kimoja kimoja, nikijua kwamba havipo, macho yakiwa wazi na kikombe cha chai kikiwa pembeni. Sasa nimestaafu na hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo naweza kusema na sehemu ya pili: ningeviingiza tena leo.

Ninyi mnaobaki kazini mliniomba niandike jinsi tulivyochagua mfumo wa kompyuta wakati wa vita. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wenye vigezo, wa kubandika ukutani. Vigezo vipo, mtavikuta njiani. Lakini anayechagua mfumo bila kujua vitabu vyake vimepitia wapi atachagua ule wenye picha nzuri kwenye jalada, na mimi nusura niwe mtu huyo.

Nilifika Baraka, mji wa ufukweni mwa ziwa linalotutenga na Tanzania, na shahada ya ukutubi na tasnifu nene juu ya uendeshaji wa maktaba kwa kompyuta. Tasnifu hiyo niliipiga kwa taipureta. Kompyuta nilikuwa nimeiona moja tu, kupitia kioo cha mlango wa ofisi ya mkuu wa kitivo, ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya maharusi. Kwa ujuzi huo nilijiona mtaalamu.

Maktaba ilikuwa ya chuo cha ualimu: chumba kirefu Baraka mjini, chumba kidogo Fizi-Centre kule mlimani, na masanduku ya mbao yaliyozungushwa kwa mtumbwi kwenye vijiji vya Ubwari. Aliyeviendesha vyote alikuwa Papa Asukulu, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa koti hata jua likiwaka. Aliangalia shahada yangu mbele na nyuma, akanirudishia.

"Mademoiselle," alisema, "hapa kila buku iko na fiche tatu: moja ya mwenye aliandika, moja ya kichwa, moja ya somo. Ya ine iko mu mufuko ya buku. Fiche ikipotea, buku inakuwa kama muntu hana carte d'identité. Iko, lakini hakuna mwenye atakubali kama iko."

Aliendelea kuniita Mademoiselle, binti asiyeolewa, hata baada ya mtoto wangu wa nne.

Alinifundisha kukwangua wino kwenye fiche, yaani kadi za katalogi, kwa wembe bila kutoboa karatasi, na kupitisha fimbo ya chuma kwenye matundu ya fiche ili mwanafunzi mwenye haraka asiondoke nazo. Alinifundisha pia kumwambia mkuu wa chuo "tutaona" kwa sauti inayomaanisha hapana. Hii ya mwisho imenisaidia kuliko tasnifu.

Vita vya kwanza vilipofika, nilifanya kama nilivyofundishwa chuoni: nilifunga mlango kwa kufuli, nikaongeza kufuli ya pili, nikapanda milima pamoja na wengine. Tuliporudi kufuli zote mbili zilikuwepo, zimefungwa vizuri, zimelala chini. Mlango ndio uliondoka. Siku chache baadaye nilinunua karanga sokoni, nikazikuta zimefungwa ndani ya ukurasa wa kitabu chetu cha kemia, wenye muhuri wetu. Zilikuwa tamu. Niliusoma ukurasa wote nikitafuna, nikafika mwisho katikati ya mlinganyo.

Tukaanza upya, kwa vitabu vya misheni, vya walimu waliohama, vya marafiki. Na vita vya pili vilipoanza kunguruma, mimi na Papa Asukulu tuligombana vibaya. Yeye alitaka kuzika vitabu ndani ya mapipa. Mimi nilitaka kuvigawa. Niliwaza hivi: mtu anayekimbia hubeba kile anachokiona ni chake. Kitabu kilichofungiwa ni cha chuo, na chuo hakina miguu. Kitabu kilicho ndani ya furushi la mama ni cha mama huyo, na atakilinda na mvua kama anavyolinda unga.

"Unataka kugawa bibliothèque, maktaba nzima, kama chumvi ya bure," aliniambia.

"Nataka itoke humu kabla wenye bunduki hawajaivunjia mlango."

Mwishowe tulifanya yote mawili. Tuliwatangazia wasomaji kwamba atakayesikia risasi apite kwanza maktaba. Tuliuita mkopo wa kukimbia. Masharti yalikuwa mawili: uache fiche ya mfukoni yenye jina lako, na kitabu kisiwe kizito kuliko mtoto unayembeba. Siku ilipofika walikuja kweli, bila kelele, wakajipanga, mafurushi yakiwa kichwani. Nilipokea fiche hadi mstari ulipokwisha, kisha nikajitwika saraka, yaani droo ya mbao, yenye fiche hizo na kushika njia ya Fizi. Mbele yangu alikuwepo mwanamke mwenye kuku kichwani, na watu walimsifu yeye kwa kufikiri.

Matokeo nitayasema yalivyo. Mapipa ya Papa Asukulu yaliingia maji. Wasomaji wangu, zaidi ya nusu, walivuka ziwa wakawa wakimbizi Tanzania, na vitabu pamoja nao. Hatukutaniana juu ya jambo hilo.

Vita vilipoanza kuchoka, kabla havijakwisha, nikiwa sasa mkuu wa maktaba na Papa Asukulu akisimamia chumba cha Fizi, shirika moja la wafadhili lilitangaza kwamba litazipa maktaba chache za jimbo kompyuta, paneli za jua na mfumo jumuishi. Kwa anayeanza kazi leo neno hilo ni la kawaida. Sisi ilibidi tulizunguke kama watu wanaokagua ng'ombe. Maana yake ni kwamba kitabu huandikwa mara moja tu. Maandishi yale yale yanayosema kimenunuliwa ndiyo yanayokieleza kwa msomaji, ndiyo yanayosema nani kakiazima na kiko chumba gani, Baraka, Fizi au sanduku la Ubwari. Sisi tuliandika kitabu kimoja mara nne kwa mkono, na bado tulibishana kiko wapi.

Hapa ndipo penye vigezo vyenu. Kabla ya kutazama mfumo wowote, andikeni mahitaji yenu kwa lugha ya watu. Niliandika yangu kwenye baraza, kwa juma zima, nikiwauliza wasomaji waliobaki. Mfumo uweze kulala ghafla na kuamka na akili yake. Usihitaji kuzungumza na mji mwingine ili kuazimisha kitabu hapa. Ukubali kwamba mtu ana majina matatu na yote ni yake. Siku tukitaka kuuacha, utupe maandishi yetu yote bila kinyongo. Na juu kabisa, kabla ya hayo yote, niliandika: mfumo ukubali kwamba kitabu kinaweza kukimbia.

Shirika lilimtuma mtaalamu kutoka Bukavu, Ingénieur Patrick, kijana mpole mwenye viatu vyeupe, uchaguzi wa kijasiri kwa barabara yetu. Alisoma mahitaji yangu, akafika kwenye lile la kwanza, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mama Directrice, buku haina miguu."

"Papa Ingénieur, unasema hivyo kwa sababu ulifika jana."

Aliweka mifumo miwili kwenye kompyuta ili tuilinganishe, kompyuta ikila umeme wa jenereta ya chuo. Wa kwanza ndio ambao shirika lilipenda. Ulikuwa na rangi nzuri, madirisha yaliyofunguka ndani ya madirisha, na kitabu cha maelezo chenye picha za wasichana wakitabasamu mbele ya rafu zisizo na vumbi. Wa pili ulikuwa kwenye diski niliyotumiwa na mwenzangu wa chuo aliyefanya kazi Dar es Salaam. Ulikuwa wa bure, umetengenezwa na wakutubi wenyewe, na uso wake ulikuwa wa kijivu kama barua ya kukatwa mshahara. Nikiri kwamba niliupenda ule wenye madirisha. Miaka yote ile ya kuandika juu ya kompyuta bila kompyuta, nilitaka yenye rangi.

Asubuhi nzima tuliingiza vitabu katika mifumo yote miwili. Kisha nikaomba ruhusa kwenda nje, nikazunguka nyuma ya jengo na kuzima jenereta.

Patrick alitoka amekunja uso. "Mama, nani amezima groupe?"

"Mi."

"Sababu gani?"

"Hapa itazimika kila siku. Nilitaka tujuane nayo mapema."

Tulipowasha, ule wa madirisha ulikuwa umesahau kazi yote ya asubuhi, na ukadai kuunganishwa na mashine kuu iliyoko mbali kabla ya kufunguka. Ule wa kijivu uliamka taratibu, ukasimama kwenye kitabu cha mwisho tulichoingiza, ukasubiri. Patrick alivuta kiti karibu nao. Nilimwona akianza kuwa mtu wetu.

Nikamwuliza, kwenye ule wa madirisha, kitabu kikichelewa inakuwaje.

"Ikipita mwaka, système inaandika 'perdu', imepotea. Inafunga musomaji."

"Na kisha?"

"Kisha inafuta."

"Inafuta buku ao musomaji?"

Akaangalia kwenye maelezo. "Vyote mbili."

"Na hiyo haigeuzwi?"

"Haigeuzwi, Mama."

Ule wa kijivu uliacha maktaba ijiandikie yenyewe hali za kitabu. Niliandika "kipo", nikaandika "kimeazimwa", nikaandika "kinashonwa". Halafu nikaandika "kimekimbia", na mashine ikakubali bila kuuliza swali. Mpaka leo ni wachache wa vyeo vikubwa waliowahi kunisikiliza kwa adabu ile.

Kwa hiyo mfumo tuliupata. Patrick aliutetea kwa wakubwa wake, na alikuwa na jenereta kama shahidi. Wakakubali. Niliamini kazi imekwisha, na hilo ndilo kosa la kila anayechagua mfumo: mfumo ni chungu tu, ugomvi ni wa kinachopikwa ndani.

Shirika lilikuwa na kanuni. Kila kitabu kilichoandikwa kwenye kompyuta sharti kiwe kwenye rafu, au kwa msomaji anayejulikana alipo. Kisichokuwa huku wala huko kifutwe kabla ya ukaguzi. Maktaba itakayokutwa na vitabu hewa itaondolewa, na vifaa vyake vitapelekwa kwingine. Patrick ndiye angefanya ukaguzi kabla ya kurudi Bukavu.

Papa Asukulu alishuka kutoka Fizi kwa pikipiki, akiwa amekaa wima nyuma ya dereva kama askofu. Alikuwa amesikia.

"Mademoiselle, futa," alisema kabla ya kuvua kofia. "Tupate mashine kwanza. Fiche ziko, tutaandika tena kisha."

"Kisha lini, Papa?"

"Kisha."

"Papa, mtu atarudi siku moja kutoka ng'ambo na kitabu chetu mkononi. Atasimama mbele ya meza hii, mashine itamwambia haimjui, na kitabu chake haikijui. Wamekwisha kuambiwa hivyo mipakani. Hapa hapana."

"Na tukikosa mashine?"

"Tutabaki na fiche zako."

"Fiche zangu zimekosa karatasi tangu mwaka jana," alisema. "Nakata maboksi ya sabuni."

Alikuwa sawa kuhusu karatasi, na sawa kuhusu mashine, na chumba kilichobaki bila kitu kingekuwa juu ya kichwa changu, si chake. Wanafunzi wa Fizi na Ubwari wangenihukumu, na wangekuwa na haki. Nilifikiri hayo yote. Kisha nikavuta saraka ile niliyoibeba kichwani, nikaanza kuingiza. Kila kitabu cha mkopo wa kukimbia, na jina la aliyekichukua. Hali: kimekimbia. Mahali pa anwani niliandika "ng'ambo". Papa Asukulu alikaa pembeni akinisomea fiche, kwa sababu maandishi yangu ya siku ile ya kukimbia mimi mwenyewe sikuweza kuyasoma. Alinuna muda wote. Lakini alisoma.

Patrick alifungua mashine ili akague, akapitisha macho kwenye skrini, kisha akashusha mikono.

"Mama, tulisemana nini?"

"Ulisema. Mi sikujibu."

"Hii bote 'ng'ambo' haiko adresse. Ng'ambo ni Tanzania muzima."

"Ndiyo huko waliko."

"Unajua hakika? Buku ingine pengine imeshawashiwa moto, ao imezama. Nikitia sahihi, na wakubwa baulize, nitasema nini?"

Lilikuwa swali la haki, na sikumchukia. Nilimwambia kwamba mtu wa kuwashia moto kitabu asingehangaika kukibeba; angekiacha hapa. Alitikisa kichwa, si kwa ukali. Akasema hivi: kama kabla hajapanda gari kurudi atasikia kwa masikio yake msomaji mmoja, mmoja tu, akisema kitabu kiko kwake, ataviacha vyote. Asiposikia, atavifuta mwenyewe, tena mbele yangu. Akaniandikia namba ya simu ya satelaiti ya shirika.

Nilikwenda ufukweni kwa Mama Zaina, mwenye mashua ya injini iliyopeleka ndakala, yaani dagaa, ng'ambo na kuleta sabuni na vitenge. Dada yake aliishi huko ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilimkuta akihesabu magunia na kumgombeza fundi wa injini kwa pamoja.

"Dada," alisema baada ya kunisikiliza, "yaani unataka batu ba kambi bapigie simu ordinateur yako?"

"Siyo kompyuta. Bampigie Ingénieur."

"Iko na bibi? Alishaoa?"

"Sijamuuliza."

"Basi unituma na habari nusu," alisema, akaikunja karatasi yenye namba ndani ya pindo la kitenge chake. "Nitafika. Kama ziwa iko na roho nzuri, nitafika."

Siku za kungoja nilizitumia kufuta vumbi kwenye rafu, ambazo, nakumbusha, zilikuwa nusu tupu. Kazi ilikwenda haraka. Patrick alifanya ukaguzi wa Fizi, akashuka. Akafanya wa Ubwari, akarudi na viatu vyake vikiwa na rangi ya kawaida. Ziwa lilichafuka, kisha likatulia. Mashua ziliingia, ya Mama Zaina haikuwemo. Papa Asukulu alikaa mlangoni akikata maboksi ya sabuni.

Asubuhi ya kuondoka, dereva alikuwa akifunga turubai juu ya mizigo. Patrick aliingia, akaniomba nimpishe kiti.

"Mama, pole. Naanza na herufi A."

"Anza," nilisema. "Lakini sitoki. Ulisema mbele yangu."

Akakaa. Simu ya satelaiti iliita uwanjani, juu ya boneti ya gari, ambako waliiweka ili ione mbingu. Akatoka mbio. Mimi nikakaa kwenye kiti chake, kwa kuwa kilikuwa changu, nikasikiliza kupitia dirishani. Sauti ya simu ile ilikuwa kali, tuliisikia sisi sote, na dereva pia.

"Allô? Ni Ingénieur wa buku?"

"Ni mimi. Nani anasema?"

"Mi naitwa Riziki Mwenebatu. Nilikuwa mwalimu pale Baraka. Niko ku kambi. Mama Bibliothèque iko hapo?"

"Ananisikia. Una buku yake?"

"Niko nayo mu mukono. Ya hesabu, jalada ya kijani. Kona moja panya balikula, lakini ni pembeni tu, hesabu haikuguswa. Niko nafundisha nayo."

Patrick alinitazama kupitia dirishani. Nilikuwa nimekwisha kulipata jina la Riziki kwenye skrini. Nikampa ishara kwamba lipo.

"Sawa, Madame Riziki," alisema Patrick, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Nimesikia. Asante. Ni hiyo tu nilitaka."

"Ngoja, usikate. Hiyo yako ndiyo umesikia, yangu bado. Batoto hawajamaliza. Niko naomba bibliothèque iniongezee muda. Kwa sheria. Sitaki siku moja niitwe mwizi."

Patrick akainamisha kichwa dirishani na kuniuliza, kwa sauti ya karani: "Mama, anaomba kuongezewa. Tarehe gani?"

"Mwambie aseme mwenyewe."

Akamwambia hivyo. Upande wa pili palikuwa na minong'ono, mtu akacheka.

"Weka ya mbali," alisema Riziki. "Na usikate, Ingénieur. Mama Zaina ametusimamisha mustari toka asubuhi, jua inatupiga. Kuko mwenye kitabu cha uzazi, kuko ba papa wawili ba kamusi, kisha sioni mwisho."

Patrick aligeuka akamwambia dereva afungue turubai, atoe kiti. Akakaa katikati ya uwanja, simu sikioni, uso umenielekea.

"Riziki Mwenebatu, hesabu," alinitangazia. "Ongeza muda. Anayefuata."